Siku ya Ishirini na Nane

Kazi yangu ni kuvunja.
Wenzangu hapa Mokowe wanajenga, mimi navunja:
mchemraba wa zege, sentimita kumi na tano kila upande,
uliolala wiki nne ndani ya tangi la maji
kama mwari aliyefichwa.
Naupangusa, naupima uzito, naukalisha katikati ya mashine,
nafunga kizuizi cha waya,
na mshale unapanda, unapanda,
mpaka ule mlio, ta!,
kama korosho kwenye meno ya jitu.
Naandika: thelathini na mbili nukta nne.
Umebeba. Basi na gati itabeba.

Siku ya ishirini na nane zege husema ukweli.
Ndiyo siku ya mshahara pia. Simu inatetemeka mfukoni
sijavua hata glavu.

Nisiikufuru pesa ile.
Choo cha mama kina sakafu sasa, kina na taa.
Bwanaheri amerudi shule
na viatu vyote viwili vya namba moja.
Na mimi, niliyekuwa nikisuka ukili na kuuza kwa pima,
leo injinia mzima, na kofia yake nyeupe,
anasimamisha lori na kuuliza, "Sanura amesemaje?"
Tangu nizaliwe
hakuna aliyewahi kungoja mimi niseme.

Lakini kandarasi yangu ni ya miezi mitatu.
Inakufa, inafufuliwa, hii ni mara ya saba,
na kila ikifufuka mimi ni mgeni tena,
na mgeni hana likizo.
Barakoa ni moja kwa wiki; kufika Alhamisi
ina rangi ya ukuta.
Kitsao wa kokoto, kikohozi chake hufika kazini kabla yake.
Na mjomba Shekue, aliyekuwa akitega kaa
pale penye uzio leo, penye mlinzi na mbwa,
huniitikia salamu nusu. Nusu nyingine hubaki nayo.
Siku ya Idi alikula pilau yangu.
Nyama aliisogeza ukingoni mwa sahani.

Mama hucheka: "Yeo mawe yenu yamenenani?"
Humjibu: "Yamesema sawa."

Alhamisi iliyopita niliutoa wa ile alfajiri ya mvua.
Ulivunjika kwenye ishirini na mbili.
Nikavunja wa pili: ishirini na moja.
Wa tatu nikauacha majini kidogo.
Bwana Mwaringa akaja na vikombe viwili vya chai,
yeye ambaye hata salamu hunitupia akiwa njiani.
"Nguzo imeshasimama, dada. Mashine nayo hukosea.
Na Jumatatu tunasaini kandarasi."
Chai ilikuwa na sukari nyingi mno.

Nikaangalia vipande mezani.
Kokoto zilichomoka safi, moja moja,
saruji haikuzishika hata kidogo.
Nikaandika ishirini na mbili, kwa kalamu ya wino.
Nikaandika ishirini na moja.
Nikautoa na wa tatu.

Leo Jumapili. Buti nimezisugua, ziko kizingitini.
Mama ameuegemeza mlango kwa kipande nilichomletea zamani,
kile cha thelathini na mbili; kaskazi inausukuma, hauendi.
Ameuliza swali lake. Sijamjibu bado.
Kesho kadi yangu italifungua lango, au haitalifungua.
Na naitaka kazi ile, jamani, naitaka.
Hilo fomu yao haina pa kuliandika.