Ukurasa Mmoja

Nimemwaga karatasi zote mezani.
Nyingine zina alama ya kikombe cha chai,
nyingine panya wa stoo walizisoma kabla yangu.
Wanafunzi tisa. Ukumbi wa kanisa, Jumamosi, saa nane.
Na piano moja, ambayo noti yake ya la, ile ya katikati,
ilikufa mwaka juzi ikazikwa humohumo.

Basi nachagua kama mtu anayenunua viatu vya mitumba
soko la Namatala: sitazami kinachong'aa,
natazama mguu.

Kuloba anataka kurasa nne.
Baba yake atatoka Kampala, asema,
na kurasa nne zinaonekana hata kutoka kiti cha nyuma.
Namwambia, nyumba usiyoweza kuifagia
ni jalala lenye paa.
Nampa ukurasa mmoja, mwendo wa mtu anayeshuka Wanale
na mzigo wa malewa kichwani:
polepole, goti kwanza, usimwage.
Alinuna siku tatu.
Siku ya nne mkono wake wa kushoto ukaanza kutembea wenyewe.

Khainza ana vidole vifupi.
Penye noti nne za pamoja nimemwachia mbili.
Mtunzi atanisamehe,
na asiponisamehe, ni kwa kuwa hajamwona Khainza.

Wepukhulu ataleta litungu la babu yake. Hana karatasi.
Nilipomwuliza kipande kina mizani ngapi
alinitazama kama niliyeuliza mto una ndoo ngapi.
Kwenye programu nimeandika:
Wepukhulu, litungu, mpaka amalize.

Halafu Nandutu. Mistari minne tu,
lakini katikati kuna kimya cha mapigo matatu,
naye hukiruka kila mara
kama mtoto anayeruka dimbwi na sare mpya.
Wiki mbili hatukugusa kingine.
Tulifanya mazoezi ya kutofanya kitu:
ondoa mikono, hesabu, pumua,
usitafute uso wangu.
Kimya nacho kimeandikwa, nilimwambia,
wino wake ni uleule.

*

Jumamosi. Viti vya plastiki, gomesi za kina mama,
harufu ya karanga za kukaanga kutoka mlangoni.
Kuloba akashuka mlima wake salama,
ila mimi nilikuwa nimehesabu vibaya:
ile la ya marehemu imo, mara moja, karibu na mwisho.
Kidole kikagonga mbao, tok,
naye akaiimba,
kwa sauti ya miaka kumi na minne, inayopasuka kama ganda la mbegu.
Baba yake akainama, akatafuta mfukoni
kitu ambacho hakikuwemo.

Zamu ya Nandutu. Mstari wa kwanza, wa pili,
na mvua ya Mbale ikaangukia mabati
bila kubisha hodi.
Hata kikohozi cha jirani hakikusikika.
Mchungaji alinipungia mkono: tuahirishe.
Nikamtazama mtoto. Mikono mapajani,
shingo imenyooka, midomo inacheza.
Moja.

Watu wakasonya, wakachoka kusonya.
Maji yakapenya chini ya mlango,
yakafika kwenye kanyagio la piano, yakasita.
Mama mmoja akavua viatu vyake akaviweka kwenye mapaja
kama anayepakata pacha.
Mbili.

Nilisahau kutazama saa. Wepukhulu asema dakika kumi na moja,
Khainza asema saa nzima, lakini Khainza alilala.

Ikapungua. Ikawa tone, na tone, kwenye pipa la nje,
na hakuna aliyethubutu kusogeza kiti.
Nandutu akainua mikono.
Tatu.

Kisha mistari miwili iliyobaki,
na kosa moja dogo
ambalo sitalitaja.