Kitabu cha Matumbo

Kazi yangu ni vichwa.
Kila Agosti, kabla jua halijavuka rundo la chumvi bandarini,
huwa nimeshafika kwenye banda la kuparia samaki
na mizani, rula ya mbao, penseli,
na friji kuukuu iliyoandikwa kwa rangi nyekundu: VICHWA TU.
Watalii huipiga picha, hucheka, huenda zao.

Samoni aliyekatwa pezi la mafuta ana waya puani,
mfupi kuliko chawa,
umechorwa namba ya bwawa la zege alikoanguliwa.
Mzaliwa wa serikali. Mababu zake waliletwa Ziwa Michigan
wawale dagaa wa kigeni waliopenya kwa mifereji,
wakajaa, wakafa, wakaoza fukweni
hata manispaa ikawazoa kwa matrekta.
Mgeni akaletwa amle mgeni.
Na sisi, wajukuu wa wageni, tukakopa benki, tukanunua mashua.

Bernadine Shomin, ambaye ukoo wake ulitega nyavu hapa
kabla ziwa halijachorwa ramani,
husema: "Mnamlilia samaki wa kuagizwa.
Wangu, mweupe, mwenyeji, nani amemwekea friji?"
Sina jibu. Humpa barafu.

Maji siku hizi ni angavu.
Unasimama gatini unaona mpaka sarafu zilizodondoka,
na watu wanasema, tazama, ziwa limepona!
Chini wametanda kome waliokuja tumboni mwa meli,
kome juu ya kome, kila mmoja anachuja, anachuja,
usiku na mchana, hawana Jumapili,
hadi uji wa ziwa umebaki maji matupu.
Sahani iliyolambwa nayo hung'aa.

Dagaa wakakosa uji. Samoni wakakosa dagaa.
Serikali ikapunguza vifaranga,
na kapteni Gerrit Vandermolen akaacha kunisalimu.
Kwenye kikao, ukumbi wa shule, aliipiga meza kwa kofia:
"Ziwa lote hili, nanyi mnahesabu samaki kama sadaka!"
Wakampigia makofi. Hata mimi viganja viliniwasha.

Leo amekuja kabla ya wengine,
amembeba mmoja kwa taulo kama mtoto mwenye homa.
Pezi limekatwa.
Sentimita tisini na moja.
Kilo tano na robo.
Kichwa cha jitu, mwili wa mkanda.

"Mpasue, Marlys."
Nikampasua. Tumbo lilikuwa limekunjamana
kama soksi iliyovuliwa.
Nikaligeuza, nikalikung'uta, kwa kuwa ndiyo kazi.
"Wakikaribia kupanda mto huacha kula," nikasema,
nikimtafutia pa kuegemea.
"Mtazame ngozi," akasema. "Bado ni fedha tupu.
Huyu hakuwa na safari yoyote."

Banda likanyamaza, isipokuwa bomba linalovuja.
Nikafungua daftari, safu ya tumbo,
naye akaniomba penseli.
Miaka thelathini na minane majini, na mwandiko wa mtoto:
Hamna kitu.
Akakandamiza mpaka karatasi ikatoboka kwenye nukta.

"Kikao kingine lini?"
"Alhamisi."
"Niwekee kiti cha mbele. Meza sitaipiga."

Nikakitia kichwa mfukoni, nikaandika tarehe,
nikafunga friji kwa goti, maana kitasa kilikufa zamani.
Nje, wateja wake watano wa Ohio walishalipa,
walishavaa maboya yao ya rangi ya chungwa,
na upepo ukaniletea sauti yake, ile ya kapteni, pana, changamfu:
"Pandeni, pandeni! Jana walikuwa wanakula."