Hodi ya Tatu

Adabu yetu ni hodi tatu.
Usipoitikiwa, geuka, urudi zako.
Na mchezo wetu ulifunzwa vivyo hivyo:
nikiuwasha wabisha ng'ambo mara moja,
ya pili,
ya tatu,
kisha maandishi mekundu: hakuna wa kukujibu.

Waliuzima usiku wa Jumanne,
saa sita kwao, saa nane kwetu.
Tulikuwa kumi na mmoja sokoni,
soko la mji usio na ramani duniani,
chini ya taa zisizotaka tokeni.
Famau kavaa ngozi ya chui aliyoihangaikia miezi sita.
Nyevu akicheza ngoma kwa kitufe kimoja,
bonyeza, bonyeza,
mpaka mguu wake ukaganda juu
na kioo kikawa cheusi.

Mjomba, karani wa wakili, alinicheka:
mlilipia, mkalipia, sasa mna hati gani?
Nikamwambia, na wewe, Mjomba?
Kuta za Majengo ni zako, na bati, na mlango wa mvule,
ardhi ni ya mtu usiyemjua hata sura,
na kila mwezi wampelekea kodi.
Akanyamaza, akatafuta miwani iliyokuwa usoni.

Famau hakulia. Kumbe tangu tangazo
alikuwa akinasa kila kilichopita kwenye waya,
mashine zetu zauliza nini, zao zajibu nini,
diski mbili na daftari la mraba linukalo bizari:
ukisema hivi, husema vile;
ukitaka mkuki, hukupa namba;
ukifa, hukurudisha kisimani.

Chumba tulipewa Kibokoni, nyuma ya fundi feni.
Kompyuta tuliinunua mnada wa ofisi ya kliaringi,
ubavuni bado ina stika ya kontena.
Yapepewa na feni ambayo mwenyewe hakuirudia.
Miezi saba tukaifunza kuitikia.
Mwanzoni ilijibu ovyo:
mbuzi wakapita ndani ya kuta,
bahari ikakaa juu kama dari,
mkate ukauzwa kwa bei hasi, ukinunua walipwa.
Tukacheka, tukasahihisha, tukagombana.
Famau akaapa haji tena. Akaja na mahamri.

Salamu ya kampuni ilikuwa ndefu, yenye masharti ya kukubali.
Akaifuta, akaandika:
Karibu. Vua viatu.

Nyevu sasa yuko Doha, asafisha vyumba vya hoteli.
Ijumaa, siku yake ya mapumziko, akabisha.
Moja.
Mbili.
Ya tatu tukazuia pumzi, feni ikikohoa,
na pale sokoni, peke yake,
akatokea vilevile alivyoachwa,
mguu juu.

Ukashuka.

Dakika nne hivi. Kisha stima ikakatika,
na fundi feni akaita kutoka nje:
tokeni, leo zamu ya nani?