Upekuzi Sikubali

Taa ya nyuma imekufa, ndicho kisa.
Kansas, saa saba usiku, upepo wa kuchinja;
Bi Ardith Pruett, mikono juu ya usukani
kama alivyofunzwa na mjukuu, wa mwaka wa pili wa sheria.

"Nasikia harufu ya bangi."
Kopo la marhamu limo mkobani, chini ya soksi:
kule Colorado, dawa ya magoti;
huku, maili tatu tu, jinai.

"Naweza kupekua?"

Kinywa kikavu. Umri wote huu
amesema karibu, hata kwa wauza mifagio.

"Leseni hii hapa. Upekuzi sikubali."

Tochi inasita. Neno limetoka, dogo,
na halirudi kinywani.
Mbwa yuko njiani.
Yeye hajui kusoma.