Ramani Nyuma ya Mfuko wa Saruji

Kiwanja chetu cha Uru hakikai, kinashuka.
Ukiangusha kiazi mlangoni
kakichukue kwa Mzee Anselmi, bondeni,
na huko lazima upite getini, usalimie,
ukubali chai.

Nilichora bustani nyuma ya mfuko wa saruji
kwa penseli ya Ladi, iliyotafunwa kichwa.
Nilichora miraba: mchicha hapa, karoti pale,
benchi, njia iliyonyooka.
Karatasi ilikuwa imelala sawa mezani.
Hapo ndipo nilipokosea.

Kisha kila mtu akaja na lake.
Sirili alitaka parachichi kumi na mbili, za kuuza.
Ladi alitaka uwanja wa mpira,
"hata nusu, mama, hata goli moja."
Bibi Veneranda alisema yeye hataki kitu,
ila pa kukaa tu,
mahali ambapo magoti hayatatangulia kuondoka.
Na masale yaliyomzunguka babu
yasisogezwe hata unene wa kidole.

Nikafuta. Raba ikaisha, nikafuta kwa mate.

Masika yakaja kusahihisha.
Usiku kucha tuliisikia bustani ikihama:
mchicha na mizizi yake,
samadi ya elfu themanini,
changarawe zote za njia yangu iliyonyooka.
Asubuhi mwamba ulikuwa nje
kama ufizi.

Bibi shamba Theodosia alikuja na buti za mpira,
hakuitazama ramani.
Alifunga fito tatu kwa umbo la herufi A,
akaning'iniza uzi, na jiwe mwisho wa uzi.
"Jiwe likitulia katikati, chomeka kijiti.
Usipime kwa macho.
Macho yenu yamezaliwa mlimani,
yanaona mteremko ni tambarare."

Tukatembeza ile A kama mtoto anayejifunza kwenda,
mguu huu, mguu ule, jiwe likisitasita.
Mstari wa vijiti ukapinda,
ukaukwepa mwamba,
ukapita hatua nne chini ya babu
kana kwamba unamfahamu.

Tukachimba fanya juu.
Udongo unautupa upande wa mlima,
kinyume cha nia yake,
na mgongo unauliza nani amekutuma.
Wiki sita. Ukingoni tukapanda matete, yashike.
Sirili akajifunza kunyamaza na jembe.

Tulipofika ngazi ya tatu
Mzee Anselmi alipanda kutoka kwake, polepole,
akasimama, akahesabu ngazi kwa fimbo.
"Miaka ishirini nimekula udongo wa nyumba hii," alisema.
"Mkungu wangu mmoja unabebwa na watu wawili.
Mnadhani ni bidii yangu?
Leo mmenikatia posho."
Tukacheka, lakini si sana.

Kesho yake tulisikia toroli ikikoroma kwenye kona.
Machipukizi saba ya mgomba,
kila moja na bonge jeusi shinani,
zito, lenye minyoo.
"Ni wenu," alisema, akifuta jasho kwa kofia.
"Umechelewa tu kurudi."

Sasa parachichi ni nne, na Sirili bado ananung'unika.
Karoti zimeota mikia miwili, sijui kwa nini.
Bibi anakaa ngazi ya pili, karibu na masale,
kikombe anakiweka chini
na kukiachia.
Mara ya kwanza alikitazama kwa muda
kama anayemshuku mgeni.

Na jana jioni Ladi aliweka mpira ngazi ya tatu,
akarudi nyuma hatua tano,
akasubiri.
Sote tukasubiri. Hata kuku.
Mpira ukakaa palepale ulipowekwa.

Ndipo akaupiga kwa nguvu zake zote,
ukavuka matete, ukavuka ua,
na akarudi giza likiingia,
mpira kwapani,
mdomo ukinukia chai ya tangawizi.