Ubavu wa Kushoto

Ndege hii ilizaliwa mbeba mizigo:
magunia ya unga, barua, kuku ndani ya matenga,
bibi harusi mmoja aliyetapika njia nzima.
Kisha mtu mwenye rula akaitoboa ubavu,
akapanga mizinga, yote upande wa kushoto,
akamwambia rubani: usiwafukuze, wazunguke.
Inamisha bawa kama anayechungulia kisima.
Kilichomo katikati hakitoki.

Sisi wa Ban Nakhong hatukuyajua ya rula.
Tulijua mngurumo usiokwenda popote.
Ndege nyingine zilipita; hii ilikaa,
mgeni asiyejua kuaga,
na mara mbingu ikashusha uzi mwekundu
mpaka chini bila kukatika,
sauti ikafuata nyuma,
jora zima likichanwa na mshonaji mwenye hasira.

Mume wangu Thongdy aliendesha lori bila taa.
Alidhani giza ni lake.
Hakujua kwamba juu kule walikuwa na sikio
la kunasa cheche ya plagi chini ya boneti,
na jicho la kuona joto:
injini nyeupe, nyati wa majaruba mweupe,
na mtu, mweupe vilevile, akikimbilia mtoni.

Ufunguo tu ndio uliorudi nyumbani.

Baadaye wanaojua wakatufundisha.
Tukazima injini, tukasukuma kwa mabega,
wanawake kumi na mmoja na mvulana wa miaka tisa,
tumejipaka tope ili tupoe.
Moyo je? Moyo hupakwa tope gani?

Moja ilianguka ng'ambo ya kilima, msimu wa mwisho.
Sikushangilia. Nilikwenda na shoka.

Tangu hapo nayeyusha mabawa,
namimina kwenye kalibu ya mbao na majivu,
kwa mkono huu wa kushoto
ambao mama aliuchapa utotoni
kila ulipotangulia kwenye chakula.
Vijiko mia kwa siku, kuni zikiwa kavu.
Wageni hununua, huuliza kama ni salama.
Nami huwaambia bei.

Mjukuu wangu Sengphet anakula uji kwa kimojawapo.
Ni chepesi, hakiumizi fizi.
Anakizungusha bakulini taratibu,
ameinama kidogo, kushoto, kushoto,
anatazama katikati.

Mwanangu, namwambia,
koroga upande mwingine.