Yangu Mbili, Yake Moja

Karatasi ya maabara niliipokea kwa vidole vyenye sufu,
nikaifunua juu ya zulia la mteja, upande wa nyuma,
kule mafundo yanakoonekana yalivyo.

Daktari Aytak, binti wa muuza asali wa Sarein,
alinieleza polepole kama anayehesabu chenji:
kila seli ina mafundi wake.
Usiku na mchana wanaukagua uzi mrefu,
panapoungua wanakata,
wanarudisha rangi ileile.
Ila wako mafundi wanaozaliwa na sindano butu kidogo,
herufi moja imekaa pasipo pake.
"Huo ni mlango usiofunga vizuri," alisema.
"Mwizi anaweza asije."

Nikacheka. Mganga hajigangi.
Miaka thelathini na moja
naziba matundu ya nondo na ya makaa ya shisha
mpaka mwenye zulia anauliza, lilitoboka wapi?
Kumbe ndani yangu nimeajiri wazembe.

Mama yetu Solmaz alikufa kwa tumbo.
Tulisema ni jibini la chumvi.
Tulisema ni chai, aliyoinywa ikitokota bado,
donge la sukari katikati ya meno.
Shangazi alisema ni huzuni.
Ardabil haikosi sababu.

Halafu kaka yangu, Yashar.
Jina hilo kwetu maana yake ataishi.
Alianza kukonda theluji ya kwanza ilipoanguka,
akawa anaisukuma sahani kwa kidole kimoja
na kusema ameshakula kwa jirani.

Sasa karatasi ni mbili, yake na yangu.
Yeye herufi ile anayo upande mmoja,
wa baba au wa mama, hatutajua.
Mimi ninayo pande zote mbili.
Nimezisoma tena kwa miwani ya kazi
nikidhani majina yamebadilishana.
Hayakubadilishana.

Tulikula sinia moja.
Bakteria wa tumbo walitukuta sote utotoni.
Sigara alivuta yeye, kweli, lakini hata mimi nilivuta.
Hesabu, anasema Aytak, inawajua watu elfu kumi;
mtu mmoja haimjui.

Mwezi ujao nitaumeza ule mpira wenye taa.
Binti yangu Ulduz atakuwepo.
Damu yake ataitoa akitaka. Asipotaka, basi.

Leo nina zulia la mjane wa Yashar.
Limelika pale alipokuwa akikaa, tundu la upana wa kiganja.
Uzi wa rangi yake ninao, tena wa kutosha.
Tundu nimeliacha.
Nimelizungushia mshono tu, lisiendelee.